Chifu alipougua kambi ya Barafu: uchambuzi wa kisa cha msaidizi, karatasi ya tipu na namba aliyopewa mgeni

Kisa hiki kilitokea Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame, kwenye msafara wa siku 7 wa kampuni ndogo yenye ofisi Moshi mjini. Mwaka, majina, uraia wa wageni na alama nyingine za kumtambulisha mtu vimeondolewa. Mwongozaji mkuu tutamwita Chifu, kama wapagazi wanavyomwita mlimani. Wasaidizi wake tutawaita Msaidizi na Msaidizi wa pili. Wahusika wote ni wachapakazi, na hakuna aliyepita geti la Machame akiwa na nia ya kumdhulumu mwenzake. Hata hivyo, ndani ya siku 2 watu 6 walikuwa wamedhulumiwa.

## Usuli: nani yuko chini ya nani

Wageni walikuwa 4. Wenyeji wao walikuwa 17: Chifu, wasaidizi 2, mpishi, mhudumu wa meza na wapagazi 12.

Ngazi za mlimani hufuata njia ya riziki. Ofisi humwita mwongozaji mkuu. Mwongozaji mkuu huwaita wasaidizi na mpishi, na mara nyingi ndiye anayeamua mpagazi yupi apande na yupi abaki. Mpagazi hana mkataba wa kudumu. Riziki yake ni jina lake kutajwa asubuhi ya safari, kisha mzigo wake kupita kwenye mzani wa geti bila kuzidi kilo 20. Akimuudhi mwongozaji hafukuzwi, ila haitwi tena, na msimu unampita hivyohivyo. Jambo hili lina uzito kuliko yote katika kisa hiki, na tutalirudia.

Tipu za wageni huja juu ya ujira. Kampuni hii ilikuwa na jedwali lake, kwa kila siku, kutoka kwa kundi zima la wageni: mwongozaji mkuu dola 20, msaidizi 15, mpishi 12, mhudumu wa meza 10, mpagazi 8. Kwa siku 7 na watu 17, jumla ni dola 1,176. Jedwali lilichapwa na kukabidhiwa kwa mwongozaji mkuu. Halikuwahi kusomwa mbele ya wapagazi. Chifu mwenyewe alikuwa na desturi ya kupokea bahasha peke yake, kuingia nayo hemani, na kutoka na mafungu yaliyokwisha kugawanywa. Hatuna ushahidi kwamba aliwahi kuiba. Lakini hakuna mtu chini yake aliyewahi kuona hesabu, na hapo ndipo mlango ulipoachwa wazi.

Msaidizi alikuwa na misimu 9 katika nafasi hiyohiyo. Leseni ya uongozaji alikuwa nayo, lugha ya wageni aliimudu, kilele alikijua hata gizani. Kampuni ilihitaji viongozi wakuu wawili tu, na wote wawili walikuwapo. Katika kazi hii mwenye nafasi haondoki mpaka magoti yamtoe. Msaidizi alikuwa anasubiri magoti ya watu wengine.

## Siku ya 1 hadi ya 4

Chifu alipanda akiwa na mafua na kikohozi alichokuwa nacho tangu wiki iliyotangulia. Ulikuwa msimu wa wageni wengi, na kukataa safari kungemaanisha safari hiyo iende kwa mwenzake. Hakuiambia ofisi. Wasaidizi walimsikia akikohoa kambi ya Shira, wakamsikia tena baada ya kupita mnara wa mwamba wa Lava Tower, takriban mita 4,600, wakanyamaza. Kila asubuhi wageni walipimwa oksijeni kwa kifaa cha kidoleni na namba zao kuandikwa. Waongozaji hawakupimwa hata mara moja. Fomu ya kampuni haikuwa na mstari wao.

## Siku ya 5, Barafu

Walifika kambi ya Barafu, takriban mita 4,670, saa 7 mchana. Saa 9 mhudumu wa meza alipeleka chai kwenye hema la Chifu akamkuta ameketi, amejiinamia, anahema kama aliyetoka kupandisha mlima, ilhali alikuwa amepumzika kwa saa 2. Alimwita Msaidizi.

Alichofanya Msaidizi kuanzia hapo kilikuwa sahihi kwa asilimia mia. Alimpima: oksijeni ya damu asilimia 61, mapigo ya moyo 128 kwa dakika. Alimwekea sikio mgongoni akasikia mkwaruzo chini ya bega la kulia. Akamtoa nje, akachora mstari kwa kisigino kwenye changarawe kati ya mawe mawili, akamwambia apite akigusanisha kisigino na vidole. Chifu alipita, taratibu lakini bila kuyumba. Akili na usawa wa mwili vilikuwa salama. Tatizo lilikuwa mapafu kujaa maji, na dawa yake ya kwanza ni moja: kushuka, sasa hivi, kabla ya giza.

Chifu alikataa. "Dogo, wageni wangu wanapanda leo usiku. Nitashuka nao kesho." Msaidizi alimjibu mbele ya mpishi, kwa heshima lakini bila kumung'unya: "Kaka mkubwa, mgeni angekuwa na namba hizi ungemshusha saa ngapi?" Chifu hakuwa na jibu.

## Maamuzi manne ya jioni ile

La kwanza lilihusu mtungi wa oksijeni. Msafara ulikuwa na mmoja tu, na maelekezo ya ofisi yalisema ni wa wageni. Msaidizi aliamua uende na mgonjwa, kisha akaenda kwa kiongozi wa kundi jirani akaazima mwingine kwa ajili ya usiku wa kileleni. Alitoa sababu yake wazi: mgonjwa yupo tayari, na wageni wote walikuwa wazima mchana ule.

La pili, nani ashuke. Msaidizi wa pili na wapagazi 4 walipewa kazi hiyo, pamoja na machela. Waliondoka saa 11 jioni kwa njia ya Mweka, ambayo ni ya kushukia. Helikopta haikufikiriwa. Bima za wageni ndizo hulipia ndege hizo, na Chifu hakuwa na bima ya namna hiyo.

La tatu, nani apande. Mwongozaji mmoja kwa wageni 4 usiku ule ni hatari, kwa sababu mmoja akigeuka, watatu wanabaki bila mtu. Msaidizi alikubaliana na kiongozi wa kundi jirani kumwazima msaidizi mmoja kwa dola 50 ambazo ofisi ingelipa, na makundi mawili yatembee karibu. Alimwongeza pia mpagazi mzoefu wa kileleni.

La nne ni mizigo. Wapagazi 8 wasingeweza kubeba mizigo ya 12 bila kuvuka kilo 20. Ilikubaliwa kwamba mgonjwa akipata nafuu njiani, wawili kati ya wale 4 warudi. Mgonjwa alipofika kambi ya Millennium, karibu mita 850 chini ya Barafu, aliweza kutembea kwa kushikwa mkono. Wawili wakageuka saa 1:30 usiku na kupandisha tena. Waliingia Barafu saa 5 usiku, wakala wali uliopoa, wakalala saa chache, na asubuhi wakabeba mizigo kushuka. Hakuna mpagazi mwingine aliyefanya kazi kubwa kuliko hao katika safari ile.

Kilele kilikwenda vizuri. Wageni 3 walifika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mmoja aligeuzwa Stella Point, kwenye ukingo wa kreta kabla ya kilele, kwa kichefuchefu, akashuka salama na yule msaidizi wa kuazima. Uamuzi wa kuazima mtu ulijilipa wenyewe.

## Siku ya 6 na ya 7

Kwenye chakula cha jioni Barafu, kabla ya kupanda, Msaidizi aliwaambia wageni kwamba sasa yeye ndiye kiongozi. Hilo lilikuwa lazima. Kisha akaongeza sentensi ambayo haikuwa lazima: kwamba Chifu alikuwa mgonjwa tangu Moshi na hakupaswa kuja. Sentensi ilikuwa ya kweli. Ilisemwa kwa watu wasioweza kufanya lolote nayo isipokuwa kumshusha Chifu hadhi, na ilisemwa mhusika akiwa kwenye machela.

Siku iliyofuata, wakiteremka kwenda kambi ya Mweka, mgeni mmoja alimwambia kwamba mwaka ujao angependa kuleta marafiki 9. Kanuni ya kampuni ilikuwa kumpa mgeni kadi ya ofisi. Msaidizi alimpa namba yake binafsi ya WhatsApp, na baada ya siku chache akamtumia bei: dola 1,450 kwa mtu, wakati ofisi ilikuwa ikitoza 1,900.

Bei hiyo inafaa kuchambuliwa. Kwa viwango vilivyotumika, mgeni asiye mkaazi alilipa hifadhi dola 70 kwa siku, kambi 50 kwa usiku na uokoaji 20. Kwa siku 7 na usiku 6, ukiongeza VAT, ni karibu dola 956. Katika 1,450 hubaki takriban dola 490 za kulipia mahema, chakula, usafiri, waongozaji, mpishi na wapagazi kwa wiki nzima. Msaidizi hakuwa na leseni ya TALA, yaani ya kufanya biashara ya utalii, kwa hiyo angepitishia wageni wake kwenye kampuni ya mtu mwingine, na huyo naye angetaka chake. Mwenye uzoefu anajua kisu kinaangukia wapi katika hesabu ya namna hii: ujira na chakula cha wapagazi.

Jioni ya kambi ya Mweka wageni walitoa bahasha yenye dola 1,200. Jedwali lililochapwa lilikuwa limeshuka na Chifu mfukoni mwake. Msaidizi alichana ukurasa kwenye daftari la stoo la mpishi akaandika mgawo mpya kwa kalamu ya risasi: yeye, mwongozaji mkuu, siku 7, dola 140. Chifu, msaidizi, siku 5, dola 75. Msaidizi wa pili, siku 5, dola 75. Wapagazi 4 walioshusha mgonjwa, siku 5, dola 40 kila mmoja, wakiwamo wale wawili waliorudi usiku. Wengine walipata kamili. Jumla ilikuwa dola 1,052. Dola 148 zilizobaki hazikuandikwa popote.

Mpishi aliuona ukurasa ule mara moja. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe: karoti kilo 4, mayai 60, unga wa sembe. Aliuchukua baada ya Msaidizi kuuacha mezani, akaukunja, akautia kwenye mfuko wa koti. Hakusema kitu.

## Matokeo

Chifu alitibiwa Moshi, akapona baada ya siku kadhaa. Ofisi ilimlipa ujira wa siku 5. Msaidizi alilipwa siku 7 kwa kiwango cha msaidizi.

Wiki ya tatu yule mgeni aliiandikia ofisi akiuliza kwa nini kampuni moja ina bei mbili. Kikao kikaitishwa: meneja, Chifu, wasaidizi wote wawili na mpishi. Mpishi aliweka ule ukurasa mezani, upande wa karoti ukiwa juu.

Chifu aliuliza swali moja: "Kwa nini hukunipigia?"

"Ulikuwa umelazwa, chifu."

"Simu ilikuwa kitandani pangu."

Ndipo Msaidizi akasema lililokuwa moyoni: "Miaka 9 nakufuata nyuma. Hii ilikuwa fursa yangu. Ningeiacha, nyingine ingekuja lini?"

Aliamriwa kurudisha dola 173, akarudisha kwa awamu. Wale wageni 9 walikwenda kwa kampuni nyingine kabisa, ya Arusha. Mgeni alieleza kwamba hakujua tena amwamini nani.

## Uchambuzi: mstari uko wapi

Wahenga walisema kufa kufaana. Mkubwa akianguka, mdogo hupata nafasi, na hakuna dhambi katika kuipata. Asiyeshika usukani pale Barafu kwa kuogopa kuonekana ana tamaa angewaweka wageni 4 na mgonjwa mmoja hatarini. Tunalisema kwa msisitizo kwa sababu katika kikao kile walikuwapo waliotaka kumhukumu Msaidizi kwa kila alichofanya tangu saa 9 alasiri, na hiyo ingekuwa dhuluma nyingine.

Tukitenga faida alizopata, zinaangukia mafungu mawili. Moja ni faida iliyotokana na kazi yake: aliongoza siku 2, alistahili tipu ya kiongozi kwa siku hizo 2, na alistahili jina. Nyingine ilitokana na mwenzake kutokuwapo. Siku 5 za kwanza aliongoza Chifu. Kuziandika kuwa zake kuliwezekana kwa sababu moja tu, kwamba mwenye siku hizo hakuwapo kuzidai.

Kipimo cha pili kinafanya kazi vizuri zaidi mlimani, ambako hakuna muda wa falsafa: je, jambo hili ningelifanya hivihivi Chifu akiwa amekaa pembeni yangu? Oksijeni, ndiyo. Machela, ndiyo. Kuazima mtu, ndiyo. Kile alichowaambia wageni mezani, hapana. Namba ya WhatsApp, hapana. Karatasi ya kalamu ya risasi, hapana. Maamuzi yote manne ya jioni ya Barafu yalifanyika mbele ya watu. Yale ya siku ya 6 na ya 7 aliyafanya peke yake.

Linalouma ni kwamba fedha ilitosha. Hesabu ya haki ilikuwa hivi: Chifu abaki na 140 zake zote, kwa kuwa aliugua kazini, Msaidizi apate siku 5 kwa 15 na siku 2 kwa 20, yaani 115, Msaidizi wa pili 105, mpishi 84, mhudumu 70, wapagazi 12 wote 672. Jumla ni 1,186. Zingebaki dola 14. Kila mtu angepata chake, na Msaidizi angeshuka Mweka akiwa mtu aliyeokoa msafara.

## Ofisi nayo ilichukua fursa

Katika kikao hakuna aliyeigusa ofisi, nasi tunadhani ni kosa. Kwa viwango vyake, kiongozi mkuu alilipwa shilingi 45,000 kwa siku na msaidizi 35,000. Chifu alikatwa siku 2, sawa na shilingi 90,000, na aliyefanya kazi yake hakuongezewa hata senti. Msafara ukaongozwa siku zake ngumu kuliko zote kwa bei ya msaidizi. Meneja aliuita utaratibu wa malipo. Lakini ni faida iliyotokana na ugonjwa wa mtu, kama zile dola 65 alizopunjwa Chifu kwenye karatasi. Msaidizi alijua ofisi ingefanya hivyo, maana alishaona ikifanya kwa wengine. Haimtoi hatiani. Inaeleza kwa nini aliona lazima ajilipe mwenyewe.

## Kwa nini wapagazi walinyamaza

Wapagazi wanne walipokea dola 40 badala ya 56 wakasema asante. Walijua kuna kitu hakijakaa sawa. Mmoja alieleza baadaye kwamba alihesabu vidole vyake mara mbili, kisha akamtazama aliyeshika bahasha na kukumbuka kuwa wiki ijayo huyo ndiye atakayetaja majina. Chifu alikuwa amewazoesha hivyo: fedha hutoka hemani, haiulizwi. Msaidizi alirithi hema pamoja na ukimya uliokuwamo.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema dawa ni kuchagua watu wenye maadili. Msaidizi alikuwa na maadili ya kutosha kumshusha mkubwa wake kwa nguvu ya hoja na kumpa mtungi pekee wa oksijeni. Yalimpungukia pale ambapo hakuna jicho lililomtazama na hakuna kanuni iliyosema kiongozi akianguka nini kinafuata.

## Kilichobadilishwa

Kampuni iliongeza mstari wa waongozaji kwenye fomu ya oksijeni ya asubuhi. Jedwali la tipu sasa hutoka nakala 3: kwa kiongozi, kwa mpishi na kwa mgeni mmoja, na husomwa kwa sauti kambi ya Mweka mbele ya wote, bahasha ikihesabiwa papo hapo. Kuna karatasi ya makabidhiano inayosema msaidizi wa kwanza akishika uongozi analipwa ujira na tipu ya kiongozi kuanzia siku hiyo, na aliyeugua kazini habadilishiwi cheo wala siku. Anayeleta wageni kupitia ofisi hupata asilimia 5 ya bei. Hili la mwisho lilipingwa sana na meneja, na ndilo tunaloliona la maana kuliko yote, kwa kuwa lilimpa msaidizi njia halali ya kunufaika na uhusiano wake na wageni.

Orodha ya wapagazi bado inaandaliwa na viongozi peke yao. Hapo hapajaguswa.

Msaidizi alisimamishwa msimu mmoja, kisha akarudi katika nafasi ileile. Yeye na Chifu wamepanda pamoja tangu hapo. Katika wale wapagazi 4, wawili walilipwa dola zao 16 kila mmoja. Wawili waliorudi Barafu usiku wamebadilisha namba za simu na hawapandi tena na kampuni hiyo. Dola 32 zimo kwenye droo ya ofisi, ndani ya bahasha yenye majina yao.